Tulianza na Rangi: Motokari ya Papa na Mashine Yetu ya Kusaga

*Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa chama, Kisangani. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa.*



Kamati ilituomba tuseme juu ya kujitegemea kwa watu wenye kurudi. Tuliandika kurasa mbili za maneno hayo. Tulipozisoma tukaona zinafanana na ripoti tunazoandika kazini kila mwisho wa mwezi, tukaziweka kando. Leo tutawaelezea jambo moja tunalolijua kwa mikono yetu: namna tulivyofufua motokari ya marehemu papa yetu pale nyumbani, na namna tulivyokosea. Kisha tutafika kwenye mashine ya chama ya kusaga mihogo. Tafadhali, msiondoke kabla ya mashine.

Tukisema "sisi", mjue ni nani. Ni dada yetu mkubwa, anayeuza samaki wa kukausha. Ni shemeji yetu, mume wake, dereva wa pikipiki. Ni mdogo wetu, mwalimu wa shule ya msingi. Na ni huyu anayewasemesha, ambaye wengi mnamjua kwa kofia ya shirika na karatasi za orodha. Hakuna hata mmoja aliyesoma mekanika. Huyu mwenye kusema alisoma sosholojia kwenye Chuo Kikuu cha Kisangani, na pale hawafundishi kufungua kapo ya gari.

Gari iliyongoja chini ya mwembe

Motokari yenyewe ni Land Rover Series III, ile ndefu inayoitwa 109, ya esansi, silinda nne, nyuma wazi ya kubebea mizigo. Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na wazee hapa wanazikumbuka: zilikuwa za mashamba, za misheni, za makampuni ya mbao. Papa alikuwa karani na dereva wa mfanyabiashara mmoja wa kahawa. Biashara ilipokufa, mishahara ya miezi mingi ilikuwa haijalipwa. Badala ya pesa akapewa gari. Alikuja nayo nyumbani Mangobo akipiga honi tangu barabara kubwa, na mama alimuuliza kitu kimoja tu: "Tutaikula?"

Juni 2000 mnaijua. Kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 10, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji wetu, sisi wenyewe tukiwa katikati. Sisi tulikuwa watoto. Tanki la Land Rover lilikuwa kavu, kwa hiyo motokari iliyokuwa kubwa kuliko zote kwenye avenyu yetu haikutusaidia kitu. Tulikimbia kwa miguu njia ya Buta, mama akiwa na mdogo wetu mgongoni. Tuliporudi, nyumba ilikuwa imesimama lakini sehemu ya mabati haikuwepo, na Land Rover ilikuwa na matundu kumi na moja upande wa kushoto. Papa aliyahesabu kwa kidole, moja moja, bila kusema neno.

Miaka ile mji ulitembea kwa baiskeli, zile toleka zetu. Papa akapandisha gari juu ya matofali, akasema itangoja. Alifariki 2009. Gari ikaendelea kungoja. Kuku wakataga mayai kwenye kiti cha dereva, mwembe ukajaza majani ndani, mvua ya Kisangani ikafanya kazi yake, nanyi mnajua mvua yetu haina mwezi wa kupumzika vizuri.

Reparasio mbili

Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague iliamuru Uganda iilipe nchi yetu dola milioni 325 juu ya mambo ya vita ile ya miaka ya 1998 hadi 2003. Redio zote za mji zilirudia neno moja la Kifaransa: reparasio, reparasio. Mama yetu alisikiliza, kisha akatuuliza: "Hiyo reparasio, ni ileile ya kwenye kibao cha garaje?"

Tukacheka. Tukamwelezea kwamba hii ni fidia, ni malipo kwa watu walioumia na waliopoteza mali. Akaangalia upande wa mwembe. Akasema: "Sawa. Ile ya mahakama tutaingojea. Ile ya garaje, nani anawazuia?"

Ndivyo kazi ilivyoanza. Hatukuwa na mpango wala bajeti, na kwa mtu wa shirika kusema hivyo mbele ya wafadhili ni aibu kidogo.

Hatukukubaliana mara moja. Fundi mmoja wa kuyeyusha sufuria alikuwa ametuahidi dola 180 kwa mwili wa gari peke yake. Mwili wa Land Rover ni wa aluminiamu. Gari hizi zilipoanza 1948 chuma cha pua kilikuwa cha mgao Uingereza baada ya vita kuu, na aluminiamu ndiyo iliyopatikana, kwa hiyo wakaitumia. Kwa fundi sufuria, mlango wa papa ulikuwa sufuria nne. Dada alitaka tuuze. Alisema mama analala chini ya bati linalovuja, nasi tunataka kununulia mvua motokari. Alikuwa na haki. Tukakata shauri hivi: kwanza mabati manane ya nyumba ya mama, ndipo franka ya kwanza ya gari. Na tulishika ahadi hiyo. Katika mambo yote ya hadithi hii, hilo ndilo tulilofanya kwa mpangilio sahihi.

Kosa la kwanza: rangi

Mabati yalipokwisha tulikuwa na hamu kubwa. Tukaosha gari, tukafukuza kuku, tukatandika viraka vya aluminiamu juu ya matundu kumi na moja na kuvipiga ribiti. Mdogo wetu alitaka tuache matundu mawili au matatu, yabaki kama ushuhuda. Mama akasema: "Kila asubuhi nikitoka kufagia niyaangalie? Mufunge yote." Tukafunga yote.

Kisha tukapaka rangi. Kijani, kama ya zamani, mikono miwili, dola 85. Ilipendeza. Majirani walikuja kupiga picha. Jamaa zetu walio Uganda walituma ujumbe wa hongera. Kwa muda wa wiki mbili tulijulikana mtaani kama watu waliofufua Land Rover, wakati Land Rover yenyewe ilikuwa bado juu ya matofali na injini yake haizunguki hata kidogo.

Hapo ndipo tulimwita fundi mzee mmoja wa Kabondo, aliyefanya kazi na gari hizi tangu ujana wake. Hakuangalia rangi. Alilala chini, akachukua nyundo ndogo, akaanza kugonga shasi, hatua kwa hatua, kutoka mbele kwenda nyuma, huku sikio lake likiwa karibu. Chuma kizima kilikuwa kinalia. Alipofika nyuma ya magurudumu ya mbele, mlio ukakatika. Akagonga tena kwa nguvu zaidi, na nyundo ikaingia ndani.

Akatoka chini, akajipangusa. "Motokari yenu imevaa suti," akasema, "lakini haina miguu."

Alitufundisha jambo ambalo hatukulijua. Mwili ni aluminiamu, hauliwi na kutu. Lakini unabebwa na shasi ya chuma, na shasi hiyo ni kama sanduku refu lililo wazi ndani. Maji na matope yanaingia, yanakaa, na chuma kinaoza kuanzia ndani kwenda nje. Ukikiona kwa nje kimeharibika, ujue ndani kilishakwisha zamani. Na mahali aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu, aluminiamu nayo inageuka unga mweupe. Yote hayo yalikuwa chini ya rangi yetu nzuri.

Kuchomelea kulichukua miezi minne. Mchomeleaji anategemea umeme, na umeme wa bwawa la Tshopo unakuja unapotaka. Ukirudi saa nne za usiku, mtu anapigiwa simu saa nne za usiku, naye anakuja na mashine yake kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki ya shemeji. Tulikata sehemu zote zilizonyamaza chini ya nyundo, tukaweka sahani za chuma za milimita tatu. Na cheche za kuchomelea, kama mnavyokisia, zilichoma ile rangi mpya pande zote mbili mpaka ikawa kama ngozi ya mtu mwenye surua. Dola 85 zikaenda hivyo.

Injini na uvumilivu

Injini ilikuwa imeshikana. Mtu fulani, labda sisi wenyewe tukiwa watoto, aliondoa chujio la hewa, na maji yakaingia kwa njia hiyo mpaka silinda ya tatu. Kijana mmoja wa mtaani alishauri tufunge kamba nyuma ya lori tuivute gari ikiwa kwenye gia. Fundi mzee alikataa kabisa: mkivuta, kitu kitageuka au kitu kitavunjika, na kitakachovunjika ni bei kubwa.

Akatuonyesha njia ya masikini. Tulitoa bujii zote nne, tukamimina ndani ya kila tundu mchanganyiko wa mazuti na mafuta ya injini, nusu kwa nusu. Kila jioni tuliongeza kidogo. Kila asubuhi mdogo wetu, kabla ya kwenda shuleni, aliingiza manivele, ule mkono wa chuma wa kuzungushia injini kwa mbele, akaijaribu kwa upole, mbele na nyuma, bila kulazimisha. Siku kumi na nane hakuna kitu. Siku ya kumi na tisa ilisogea upana wa kidole. Alikuja kutuamsha kama mtu aliyezaliwa mtoto.

Baada ya hapo tulifungua kichwa cha injini, tukasaga valvu kwa mkono, tukabadilisha segmenti za pistoni. Segmenti zilitoka Kampala, soko la Kisekka, ambako wauza vipuri wanajua gari za zamani kuliko wenye kuzitengeneza. Mfanyabiashara mmoja anayepitia njia ya Bunia alizibeba ndani ya gunia la nguo. Zilichukua wiki sita, kwa sababu njia ya Ituri ilikuwa mbaya wakati ule. Siku injini ilipowaka, mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama, akasikiliza, akasema tu: "Ndiyo yenyewe." Kisha akarudi kwenye fufu yake.

Kosa la pili: dola tisa

Sasa tunakuja kwenye sehemu ambayo dada hapendi tuisimulie. Lakini tukiificha, tusingekuwa na haki ya kusema mengine.

Zilibaki freni, ambazo ndugu zetu wa Kampala huziita breki. Kwenye Land Rover yetu, freni za magurudumu yote manne zinasukumwa na mafuta ya aina moja maalumu, yanayopita kwenye mfereji mmoja. Mafuta hayo, chupa yenye karatasi yake, yalikuwa yanatuomba dola 12. Sokoni mtu alituuzia chupa isiyo na karatasi kwa dola 3, akasema ni yaleyale. Tulikuwa tumechoka, tulikuwa tumetumia pesa nyingi, na Jumapili ilikuwa karibu. Fundi mzee alikuwa amekwenda kuzika Banalia. Hatukumngoja.

Jumapili ya Agosti 2023 tuliingia garini tukiwa tumevaa vizuri, watoto watatu wa dada nyuma, shemeji kwenye usukani. Mwanzoni gari ilikuwa nzito, kana kwamba mtu anaivuta kwa nyuma. Tulidhani ni uzee. Kumbe freni zilikuwa zinashika zenyewe. Kisha, kwenye mteremko wa kwenda mtoni, mbele yetu kukiwa na baiskeli na ba mama wenye mabeseni, shemeji akakanyaga, na pedali ikaenda mpaka chini. Akakanyaga tena. Hakuna.

Kilichotuokoa ni kwamba shemeji hakuogopa, na kwamba freni ya mkono ya Land Rover haitegemei mafuta yale. Inashika mhimili unaotoka kwenye sanduku la gia kwenda nyuma. Alishusha gia ya pili, akashusha ya kwanza, injini ikalia kwa hasira, akavuta mkono, akaelekeza gari kwenye ukingo wa udongo. Gari ilipunguza mwendo, ikapanda ukingo, ikalala juu ya benchi la mama mmoja muuza sombe. Benchi lilivunjika vipande viwili.

Yule mama alikuwa ameinuka dakika ileile kwenda kutafuta chenji kwa jirani yake.

Hatuna la kuongeza hapo. Watoto hawakuumia. Tulimlipa benchi lake na sombe zake, dola 22, naye alitusamehe haraka kuliko tulivyojisamehe. Mama yetu alifunga gari kwa mnyororo kwenye mwembe na kuweka ufunguo wa kufuli ndani ya kitambaa chake cha kichwa. Kwa muda wa miezi mitatu hakuna aliyethubutu kuuomba.

Fundi mzee aliporudi, alifungua pampu ya freni, akatoa raba ndogo za ndani na kuzipanga kwenye kiganja. Zilikuwa zimevimba kama maharagwe yaliyolala kwenye maji. Mafuta ya madini, yale ya injini na jamaa zake, yanavimbisha raba za freni. Kwanza zinabana, halafu zinaacha kushika kabisa. Akauliza: "Nani aliweka mafuta haya?" Tukaangaliana. Kila mmoja alikuwepo, na hakuna aliyekuwa ameweka.

Hilo ndilo lililomkasirisha, kuliko mafuta yenyewe. Alituma mtoto akanunue daftari la shule. Akasema: kuanzia leo, kila kazi ya gari hii inaandikwa humu. Tarehe, kazi, jina la aliyeifanya, na jina la mtu wa pili aliyeiangalia. Bila majina mawili, gari haitoki. Mama akasikia. Akatoa ufunguo kwenye kitambaa chake, akampa yeye, siyo sisi.

Hesabu

Wafadhili wetu wanapenda hesabu, na leo sisi pia tunaipenda. Kuanzia mwanzo mpaka Machi 2024, gari ilipotoka ikiwa na majina mawili kwenye kila ukurasa, tulitumia hivi, kwa dola: shasi na kuchomelea 160, injini 390, freni mara ya kwanza 31, freni mara ya pili 104, matairi manne yaliyokwisha kutumika 180, batri 75, rangi mara ya kwanza 85, rangi mara ya pili 60, benchi na sombe 22. Jumla 1,107. Mabati ya mama hayamo.

Humo ndani, rangi ya kwanza, freni za kwanza na benchi ni dola 138. Hizo hazikutengeneza kitu. Ni bei ya kutaka watu watuone tumefika, kabla hatujafika.

Kuna watu wanaofufua gari za zamani kwa ajili ya uzuri, na hatuwadharau. Nairobi, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, kuna mashindano yanayoitwa Concours d'Elegance, ambapo waamuzi wanakagua gari mpaka chini ya mazulia. Sisi tungerudishwa getini: altaneta yetu ni ya Toyota, na mlango wa kushoto unafungwa kwa komeo la friji. Lakini Kenya hiyohiyo ina mfano mwingine tunaoupenda zaidi. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya: ilikuwa imeshakimbizwa kwenye mbio za mwaka uliotangulia. Waliinunua imechoka, wakaitengeneza upya, wakazipita gari zilizoletwa mpya na makampuni makubwa. Mbio zile za maelfu ya kilomita za matope na mawe zinapima kama kilicho chini kimefungwa sawasawa. Rangi haipewi pointi.

Land Rover ya papa sasa ina kazi. Inabeba samaki wa dada. Tangu machafuko ya 2023 kule Lubunga, familia nyingi zilivukia upande huu, na zile zilizoanza kurudi zimepata gari ya kupeleka milango, mabati na vitanda mpaka ukingoni, kabla ya pirogi. Baadhi yenu mmekaa juu ya mizigo hiyo. Mmelipa esansi ya wakadhafi wa barabarani na kitu kidogo cha daftari. Aksanti.

Sasa mashine

Tulisema msiondoke.

Mashine ya kusaga ya chama ilikuja 2021. Siku ilipofunguliwa tulikuwepo, tukapiga picha, tukaandika ripoti. Mwaka jana ilisimama miezi saba kwa kukosa rulema moja ya dola 14. Miezi hiyo saba ba mama walipeleka mihogo yao kwa mashine ya mtu binafsi, wakalipa mara mbili. Na katika ripoti za miezi hiyo, kwenye mstari unaouliza kama mashine ipo, sisi tuliandika: ipo. Haukuwa uongo. Ilikuwepo. Hata Land Rover ilikuwepo chini ya mwembe miaka mingi. Tunaomba radhi kwa neno hilo moja, kwa sababu tuliliandika kwa mkono wetu.

Rulema ilibadilishwa. Baada ya wiki tano ikafa nyingine. Wiki iliyopita tulimleta fundi mzee wa Kabondo aiangalie. Hakugusa injini. Alipiga magoti, akaangalia chini. Saruji ya msingi imepasuka, boliti mbili kati ya nne zinacheza. Mashine inatikisika, mkanda unavuta upande, rulema inakufa. Mkiweka rulema mpya juu ya msingi huo, mtanunua nyingine mwezi ujao, na nyingine mwezi unaofuata.

Kwenye ajenda ya leo kuna pendekezo la kutumia pesa zilizobaki kupaka rangi nyumba ya mashine na kuweka kibao kipya chenye majina ya waliotusaidia. Tunajua limeandikwa kwa moyo mzuri, kwa sababu mtu aliyerudi kutoka ukimbizini anataka kuonekana kuwa amesimama. Sisi wenyewe tulipaka kijani. Lakini tunaomba mkutano ukubali tuanze kwingine. Tuna maombi matatu.

La kwanza: pesa hizo ziende kwenye msingi. Tuvunje saruji ya zamani, tuweke mpya yenye boliti ndefu, tuiache ikauke siku zake zote bila haraka. Kibao kitangoja, na kitakapowekwa kitakuwa juu ya mashine inayonguruma.

La pili: kila beseni linalosagwa litoe franka 100 za matengenezo, kwenye sanduku lake peke yake, lisilochanganywa na pesa za maziko wala za sikukuu. Na daftari litundikwe ukutani, kazi kwa kazi, majina mawili: aliyefanya na aliyeangalia. Tunapendekeza mtu wa pili awe mmoja wa ba mama wanaosaga, kwa sababu wao ndio wanaosikia mashine ikibadilisha sauti kabla ya fundi yeyote.

La tatu ni kwenu wafadhili, na tunalisema kwa heshima. Mkitupa kitu kipya, wekeni kando sehemu moja katika kumi ya bei yake kwa ajili ya rulema, mkanda na grisi. Na kwenye ripoti msituulize kama mashine ipo. Tuulizeni ilifanya kazi siku ngapi mwezi huu. Swali hilo litatutia aibu mara moja au mbili, na hiyo aibu itatusaidia.

Mama yetu bado anaingojea ile reparasio ya mahakama, kama wengi mliokaa hapa. Haki ni haki, na hatumwambii mtu aiache. Tunasema tu kwamba aliyoisema siku ile ya redio ni kweli: ya pili haihitaji kungojea ya kwanza.

Jumamosi ijayo, saa mbili za asubuhi, tutaanza kuvunja msingi wa mashine. Land Rover italeta mchanga na saruji, kama itawaka, na daftari linasema itawaka. Fundi mzee anaomba spana namba 17, mbili, maana ya kwake imekwisha meno. Mwenye nayo aje nayo, na jina lake tutaliandika.